“Baba Yako na Mimi”: Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka C

Masomo: YbS 3:2-6, 12-14, Kol 3:12-21, Lk 2:41-52



Leo Mama Kanisa anaadhimisha sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Ni desturi yetu siku hii kuzungumza na wenye ndoa wanaokaa pamoja, kuwapongeza na kuwatia moyo. Desturi hiyo ni njema. Lakini kila mwaka, siku kama ya leo, wako watu wanaokaa katika mabenchi ya nyuma kanisani, au wanaosikiliza redio jikoni peke yao, ambao mahubiri ya Familia Takatifu huwapita juu ya vichwa kama ndege wanaokwenda kutua kwenye mti wa jirani. Hao ni akina baba na akina mama ambao hawakai tena chini ya paa moja, pamoja na watoto wao, ambao leo wapo kwa mama na juma lijalo watakuwa kwa baba. Leo nimekusudia kuzungumza na hao.

Sitauliza ni nani aliyekosa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sijalala kitandani mwenu. Wala sitaeleza kwa kirefu mafundisho ya Kanisa juu ya kifungo cha ndoa, kwa maana mnayajua: ndoa halali ya Wakristo iliyokamilika haivunjwi na hati ya hakimu yeyote, na Kanisa haliachi kutumaini kwamba waliotengana watapatana. Ninachotaka kutazama nanyi ni mtoto. Wazazi wakitengana, mtoto hatengani na yeyote kati yao. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu, tukiwa katika uchungu, tunashindwa kuliona.

Mwinjili Luka anatueleza kwamba Yesu alikuwa na umri wa miaka 12 wazazi wake walipopanda naye kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Sikukuu ilipokwisha, walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara, kumbe amebaki nyuma. Wakarudi wakimtafuta, na baada ya siku 3 wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu. Yeyote aliyewahi kupotelewa na mtoto sokoni kwa muda wa robo saa tu anaweza kukisia siku hizo zilikuwa na uzito gani. Katika hali kama hiyo watu wawili wa kawaida humtafuta kwanza mkosaji, ndipo wamtafute mtoto. “Mimi nilidhani yuko na wewe!” “Nawe macho yako yalikuwa wapi?” Luka hatuandikii hata neno moja la namna hiyo. Anatuandikia maneno ambayo Maria alimwambia Mwanawe mbele ya wale walimu, na katika maneno hayo Maria anamtaja Yosefu kwanza, kisha anajitaja mwenyewe: baba yako na mimi.

Lipimeni neno hilo, ndugu zangu. Maria alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba mtoto huyu hakuzaliwa kwa mbegu ya Yosefu. Yesu mwenyewe, katika jibu lake, anamtaja Baba mwingine ambaye imempasa kuwa katika mambo yake. Hata hivyo Maria, akiwa na uchungu wa siku 3, akiwa amechoka, mbele za watu wenye elimu, hakumnyima Yosefu jina la baba masikioni mwa mtoto. Na Luka anamaliza habari hiyo kwa kusema kwamba Yesu alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawa anawatii. Anawatii wote wawili.

Sasa niwaulize: mtoto wa wazazi waliotengana hulisikia lini neno hilo, “baba yako na mimi”? Lini humsikia baba akisema “mama yako na mimi tumeona hivi na hivi”? Lugha yetu ya Kiswahili ina namna ya kulitamka jina la mzazi hata likageuka kuwa tusi. Inatosha kuongeza kineno kimoja. “Huyo baba yako.” “Huyo mama yako.” Hakuna aliyetukana, hakuna neno chafu lililosemwa, wala hakuna hakimu awezaye kumhukumu mtu kwa ajili ya neno “huyo”. Lakini mtoto amesikia na ameelewa. Ameelewa kwamba nusu ya damu yake haitakiwi katika nyumba hii.

Tuliangalie sasa somo la kwanza, kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira. Mzee huyu anatueleza thawabu za mtoto anayemheshimu baba yake, na papo hapo thawabu za mtoto anayemheshimu mama yake, na anarudi tena kwa baba akiwa mzee ambaye akili zake zimedhoofika. Hasemi mahali popote kwamba heshima hiyo hudumu maadamu wawili hao wanakaa pamoja. Hali kadhalika amri ya nne ya Mungu: inamtaja baba na inamtaja mama, bila kuweka sharti lolote. Mungu alipoitoa amri hiyo alijua vema kwamba duniani wangekuwapo akina baba walevi na akina mama wakali, na nyumba zilizogawanyika.

Kwa hiyo, mzazi unayemjaza mtoto chuki dhidi ya mzazi mwenzako, usidhani kwamba unajilipizia kwa aliyekuumiza. Huyo aliyekuumiza yuko mbali, anakula na kulala. Unayemkosea ni mtoto, kwa sababu unamzuia kushika amri ya Mungu, na unamzuia katika umri ambao hana nguvu ya kukushinda. Hili nalitaja waziwazi, kwa maana katika kitubio watu huungama hasira, huungama masengenyo, lakini ni wachache sana wanaoungama kwamba wamemfundisha mtoto kumdharau baba yake au mama yake.

Tuje sasa mahakamani, kwa kuwa huko ndiko wengi wenu mnakofikishwa, na wengi mnafika mkiwa na hofu. Wako Wakatoliki wanaoogopa kwamba kwenda mahakamani kwa ajili ya mtoto ni kulikana Kanisa. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inakubali kwamba wakati mwingine hukumu ya mahakama ya serikali huwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, na kati ya hizo inataja utunzaji wa watoto. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 1154, inaagiza kwamba wanandoa wakitengana, sharti daima pawepo mpango unaofaa wa kuwalisha na kuwalea watoto. Tena mama au baba aliyetengana na mwenzake, na ambaye hajaingia katika muungano mwingine, hazuiliwi kupokea sakramenti kwa sababu hiyo tu. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliokaa miaka bila Komunyo kwa kuwa jirani fulani aliwaambia hawastahili.

Na nchi inasema nini? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwamba shauri la talaka lisifike mahakamani kabla ya kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ikifika hatua ya kuamua mtoto akae na nani, kifungu cha 125 kinamwagiza hakimu atangulize ustawi wa mtoto kuliko jambo jingine lolote. Ndipo atazame matakwa ya baba na mama, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kwa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 7, sheria inachukulia kwanza kwamba ni heri akae na mama. Lakini jambo hilo laweza kupingwa kwa ushahidi, na hakimu hana budi kufikiri pia madhara ya kumhamisha mtoto huku na huku. Ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu chake cha 26 kinasema kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana anayo haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile alichokuwa nacho kabla ya utengano; haki ya kukaa na mzazi ambaye mahakama imeona anaweza kumlea; na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila anapotaka, mradi mpango huo usivuruge masomo yake. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo sheria yao ya watoto, ya mwaka 2011.

Angalieni ni nani aliyepewa haki hizo. Haikuandikwa kwamba baba ana haki ya kutembelewa kila anapotaka, au kwamba mama ana haki ya kubaki na mtoto kama mtu anayebaki na kabati na vyombo. Mwenye haki hapo ni mtoto. Sisi wakubwa ndio wadaiwa.

Najua kwamba wengine mtanijibu kwa mila. Upande wa baba watasema: tulitoa mahari, mtoto ni wetu. Kwa kweli kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwahesabu watoto wa ndoa kuwa wa upande wa baba. Lakini nenda kwa Waluguru au kwa Wamakonde, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, nako utasikia wajomba wakisema kwa uhakika uleule: mtoto ni wetu. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi, na mimi nadhani wote wawili wamekosea katika neno hilo “wetu”. Mahari ni shukrani kwa wazazi wa binti. Hakuna mahali ambapo ng'ombe walipelekwa ili kumnunua mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Mila hakimu ataisikiliza, lakini sheria imeiweka chini ya ustawi wa mtoto, na hapo sheria ya nchi na Injili zinasema neno moja.

Watu hupenda kumtaja mfalme Solomoni wanapozungumzia kesi za watoto. Mnakumbuka wale wanawake wawili na upanga, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Ni habari nzuri, ila tuitumie kwa uangalifu. Katika shauri lile mwanamke mmoja alikuwa anasema uongo, na kazi ya mfalme ilikuwa kumtambua mama halisi. Katika mahakama zetu wazazi wote wawili ni wa kweli. Hakuna wa kuumbuliwa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia mama maskini, “Kama unampenda kweli mtoto, mwachie baba yake mwenye fedha,” akidai kwamba ndivyo alivyofundisha Solomoni. Hakufundisha hivyo. Ninachokiona mimi katika habari ile ni jambo dogo zaidi: yule mama halisi alipouona upanga aliacha kutetea kesi yake, akaanza kutetea uhai wa mtoto. Alinyamazisha neno “wangu”. Hilo kila mzazi anaweza kulifanya, awe amepewa mtoto na mahakama au hakupewa.

Na upanga wetu wa siku hizi ni upi? Naweza kuutaja. Ni ile biashara ya kubadilishana matunzo na kumwona mtoto. Mama anasema: “Hajatuma hela ya matumizi miezi miwili, basi mtoto hatamwona.” Baba anasema: “Ananizuia kumwona mwanangu, basi sitoi hata senti.” Kila mmoja anajiona ana haki, na ukiwasikiliza mmoja mmoja utasema kweli anayo. Lakini kati yao yupo mtoto ambaye kwa mwezi mmoja amekosa daftari na amekosa baba kwa pamoja. Sheria haikuviunganisha vitu hivyo. Baba anawajibika kuwatunza watoto wake, wawe kwake au wawe mikononi mwa mtu mwingine. Ndivyo Sheria ya Ndoa inavyosema. Naye mtoto ana haki ya kumwona baba yake, hata kama baba huyo ni mdaiwa sugu. Chakula cha mtoto si tiketi ya kuingilia mlangoni. Asiyetoa matunzo, apelekwe mbele ya hakimu aliyetoa amri. Anayezuia mtoto asionane na mzazi mwenzake, naye apelekwe huko. Wasiokuwa na uwezo wa kumlipa wakili, wajue kwamba ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili yao, na waanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yao. Lakini mtoto asikamatwe kama rehani.

Hapa niongeze ushauri wa kawaida, ingawa si wa kiroho sana. Fedha ya matunzo itumwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, kwa simu au benki, na ada ilipwe shuleni moja kwa moja ikiwezekana. Kumbukumbu huondoa nusu ya ugomvi. Asiwepo mtoto anayesimama mlangoni akihesabu noti mbele ya mama yake.

Hali kadhalika habari za ujumbe. “Mwambie baba yako viatu vya shule vimechanika.” “Mwambie mama yako mimi si benki.” Mtoto wa darasa la tatu anageuzwa tarishi wa maneno ambayo watu wazima wawili wenye simu mfukoni wameshindwa kuambiana. Na akirudi, mahojiano yanaanza. Mlikula nini? Nani alikuwepo? Huyo mwanamke alilala pale? Mtoto si mjinga. Baada ya safari mbili tatu amejifunza kwamba akisema alifurahi kwa baba, uso wa mama unabadilika. Akisema amemkumbuka mama, baba anakaa kimya. Basi anaanza kusema uongo katika nyumba zote mbili, si kwa ubaya, bali kwa huruma, ili asimuumize yeyote. Tumemzoeza kusema uongo akiwa na miaka 8, kisha tunamleta kwa katekista ajifunze amri ya nane kabla ya Komunyo ya Kwanza!

Mtume Paulo, katika somo la pili, baada ya kuwaagiza watoto wawatii wazazi, anageuka upesi kuwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Neno hilo la kukata tamaa mimi nimeliona kwa macho. Katika parokia mojawapo, baada ya Misa ya Komunyo ya Kwanza, watoto walikuwa wakipigwa picha na wazazi wao mbele ya groto ya Bikira Maria. Msichana mmoja, katika gauni lake jeupe, alisema kwamba hataki picha. Mama yake alikuwa amesimama upande wa kulia na shangazi zake, baba upande wa kushoto na ndugu zake, na kati yao kulikuwa na hatua kama ishirini za kokoto. Mtoto yule alikuwa amepiga hesabu: akienda kulia amemwacha baba, akienda kushoto amemwacha mama. Akaona heri asiwe na picha kabisa. Msimamizi wake wa ubatizo, mama mmoja mwenye busara, hakumhubiria mtu. Alikwenda kwa baba, akamshika mkono, akamvusha kokoto zile. Picha ikapigwa. Wazazi hawakutazamana, lakini mtoto alisimama katikati, na nadhani picha hiyo anayo hata leo.

Sitaki nieleweke vibaya. Yako mazingira ambayo mtoto hapaswi kupelekwa kwa mzazi mmoja bila ulinzi: mahali palipo na kipigo, ulevi wa hatari, au uovu wa kumchafua mtoto. Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 1153, linakubali kwamba mwenye ndoa anayewaletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili anatoa sababu halali ya kutengana naye. Mama uliyetoroka usiku na watoto mgongoni, sikuambii urudi mlangoni ukatabasamu. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, nenda ustawi wa jamii, mweleze hakimu kila kitu, naye aweza kuamuru mtoto aonane na baba yake mbele ya mtu mwingine tu, au asionane naye kwa sasa. Hata hapo, usimtungie mtoto hadithi kwamba baba yake ni shetani. Mwambie kwa kadiri ya umri wake kwamba baba alifanya makosa, na kwamba tunamwombea. Lakini pia, ninyi nyote wawili, msitaje hatari isiyokuwapo ili kushinda kesi. Kiapo mahakamani ni kumwita Mungu awe shahidi.

Mahakama ya Watoto, iliyowekwa na ile Sheria ya Mtoto, haiendeshi mambo kama kesi ya wizi. Husikiliza faragha, kwa utaratibu usio wa kutisha, na afisa ustawi wa jamii huwapo. Afisa huyo anaweza kufika nyumbani kwenu, kwa baba na kwa mama, aone mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani humwamsha asubuhi. Akija, msimkaririshe mtoto majibu usiku wa kuamkia siku hiyo. Sheria inataka maoni ya mtoto yawe yametolewa kwa uhuru wake. Inasema pia kwamba inafaa ndugu waliozaliwa pamoja wasitenganishwe, na hilo niwakumbushe wale wanaopendekeza kugawana: “Wewe chukua wa kiume, mimi nibaki na wa kike.” Watoto hawa wamekwisha kupoteza nyumba moja. Je, wapoteze na wao kwa wao?

Kwenu makatekista neno langu ni fupi. Majina ya wazazi wote wawili yaandikwe katika daftari la mafundisho, hata kama ni mmoja tu anayemleta mtoto. Barua ya kikao cha wazazi itumwe kwa wote wawili. Mtoto akikosa mafundisho Jumamosi mbili kwa mwezi, ulizeni kwa upole, faragha, kabla ya kumwadhibu; pengine Jumamosi hizo yuko kwa baba yake, parokia nyingine, na mnaweza kupatana na katekista wa huko amfundishe. Kamwe msimuulize mtoto mbele ya wenzake, “Baba yako yuko wapi?” Nanyi wanajumuiya ndogo ndogo, msigawanyike kuwa kundi la mama na kundi la baba. Mkiitwa kutoa ushahidi, semeni mliyoyaona, msiseme mliyoyasikia kisimani. Nyumba ya bibi, au ya msimamizi wa ubatizo, au uwanja wa kanisa baada ya Misa, yaweza kuwa mahali pazuri pa kukabidhiana mtoto kwa wale ambao bado hawawezi kusimama mlango mmoja bila kugombana. Kazi hiyo ya kumpokea mtoto na begi lake kwa dakika kumi ni tendo la huruma, ingawa hamtalikuta katika orodha ya katekisimu.

Leo tumo mwishoni mwa Desemba. Watoto wengi wako likizo, na baadhi yao wako kwa yule mzazi wanayemwona mara moja au mbili kwa mwaka. Shule zinafunguliwa Januari. Wewe uliyekaa na mtoto kwa likizo, mrudishe siku iliyoandikwa katika amri, si kesho yake, na mrudishe na madaftari, dawa zake na nguo zikiwa zimefuliwa. Nawe utakayempokea, usimvue shati aliyonunuliwa kule. Muulize kama alifurahi, na akisema ndiyo, mwambie umefurahi pia. Ikiwa leo huwezi kulisema hilo kwa moyo wote, lisema kwa mdomo, ukamwombe Mungu akupe moyo baadaye. Kisha mwache ampigie simu baba yake, au mama yake, amwambie kwamba amefika salama.

Katika Misa ya leo tuwaombee mahakimu wanaosikiliza mashauri ya watoto, na maafisa ustawi wa jamii ambao mara nyingi mmoja hubeba mashauri ya kata nyingi. Tuwaombee wazazi waliotengana, wapate angalau amani ya kuzungumza juu ya ada na homa ya mtoto. Na tuwaombee watoto ambao usiku huu watalala katika nyumba moja wakiikumbuka nyumba nyingine, Yosefu na Maria wawaombee kwa Mwana wao.

Tumsifu Yesu Kristo.